Chungu cha Kasmir

Miezi yake ya mwisho hapa duniani, Kasmir alikuwa akimwagilia udongo. Siyo mchicha, siyo maua: udongo. Kila asubuhi, kabla hajashika njia ya Bandari ya Huangpu, kule Uchina, kuhangaikia makontena ya Watanzania wenzake, alipanda ngazi mpaka juu ya paa la nyumba waliyopanga, kopo la maji mkononi, akainamia chungu kikubwa alichopewa na mwenye nyumba na kumwaga maji taratibu kana kwamba ananywesha mtoto. Alichungulia kidogo, halafu akashuka kunywa chai.

"Vipi, zimeota?" mkewe Kalista alikuwa akimuuliza, ingawa jibu alilijua.

"Bado."

"Labda zinashughulikia viza."

Kasmir alicheka kila mara, tena kwa kicheko cha kweli, na ndiyo maana Kalista hakuchoka kumtania. Mwanamume anayecheka mzaha uleule tangu Januari ni mume wa kutunza.

Mbegu zenyewe alizitoa kwao Njombe, alipokwenda likizo ya Krismasi mwaka wa 1998. Njombe ni nchi ya baridi na miwati. Ukisimama mlimani unaiona imefunika mabonde mpaka macho yanachoka. Magome yake huuzwa kwa watu wa viwanda vya ngozi, miti yenyewe huchomwa mkaa, na inapochanua vile vimaua vyake vya manjano kijiji kizima hunukia. Kasmir aliokota mbegu pembeni mwa shamba la mama yake, hatua chache kutoka kwenye kaburi la baba yake, akazifunga kwenye leso. Zilikuwa vijipunje vyeusi vinavyong'aa, vidogo kuliko choroko. Alitaka apate mwati mmoja tu kule Guangzhou, mji waliokuwa wakiishi, umnukie. Kalista alikuwa mtu wa Songea, nchi ya mahindi na tumbaku, na miwati aliijua kama kuni. Alimwachia mume wake mambo yake.

Basi Kasmir akafa, na mbegu hazijaota.

Ilikuwa mwanzoni mwa Kwaresima. Alikuwa ameketi kwenye benchi katika ofisi ya mawakala kule Huangpu, akisubiri karatasi za kontena la vyombo vya jikoni. Akaegemeza kichwa ukutani kama wanavyofanya watu wote wanaosubiri karatasi, na walipomwita jina hakuitika. Moyo, walisema madaktari. Kalista alilia kilio chake chote siku zile, usiku na mchana, na hakuna haja ya kumliza tena hapa. Alikuwa ameolewa vizuri kwa miaka mingi, na mwanamke aliyeolewa vizuri, hata akibaki peke yake, ana vitu vya kukumbuka vinavyomchekesha.

Kilichomtia kwenye mtihani ni kilichofuata. Mgeni akifia pale hazikwi pale, na kusafirisha jeneza mpaka Njombe kulikuwa nje ya uwezo wake na wa wote waliomchangia. Kwa hiyo Kasmir alichomwa, kama wanavyochomwa wenyeji wa mji ule. Kalista alirudi nyumbani amepakata mtungi wa kauri wenye maua ya buluu, ukiwa bado na uvuguvugu. Aliuweka juu ya kabati, pembeni ya rozari na picha ya harusi. Hakujua mtu anafanya nini mbele ya mume aliye ndani ya mtungi. Mwishowe alisema, "Karibu," akaenda kuchemsha chai.

Sasa akabaki mama mkwe.

Kule kijijini simu ilikuwa parokiani, na bibi kizee aliisubiri kila Jumapili baada ya misa. Habari ya msiba alikuwa ameshaipata. Habari ya moto alikuwa hajaipata, kwa sababu Kalista aliiogopa. Jumapili moja alijikaza, akaingia kwenye kibanda cha simu za nje karibu na kwake, akafunga mlango wa kioo.

"Kamwene, mama Lulu," sauti ikasema kwa mbali. Lulu ni binti yao, aliyekuwa shule ya bweni.

"Kamwene, mama. Umeamkaje?"

"Naamka hivyohivyo. Mwenzangu unakula lakini?"

"Nakula, mama. Mama, nakuja mwezi wa tano. Nakuja naye."

"Jeneza litapitia Dar?"

"Hakuna jeneza, mama." Akamweleza yote, haraka haraka, kama mtu anayebandua plasta.

Kwa muda ikasikika tu sauti ya kuku wa parokia.

"Wamemchoma," alisema mama mkwe.

"Ndiyo, mama. Ndio utaratibu wao huku."

"Kwa moto."

"Ndiyo, mama."

"Basi usiniletee."

Kalista alidhani hakusikia vizuri. Bibi akarudia, tena kwa sauti ya kawaida kabisa, ile anayotumia kumkatalia mtu chumvi.

"Usiniletee, mwanangu. Sisi tumefundishwa tangu katekisimu kwamba mtu ni mbegu. Unamfukia, anaoza, halafu siku ya mwisho anaota, mpya. Sawa. Lakini mbegu ukishaikaanga imekwisha. Wewe ulishaona wapi karanga za kukaanga zinaota? Parapanda ikilia, baba yake atatoka pale kaburini, babu yake atatoka, Kasmir atatoka na nini?"

"Padri anasemaje?"

"Padri anasema Kanisa linaruhusu. Nikamwambia, baba, wewe hukuzaa."

"Lakini mama, mbona Jumatano ya Majivu tunapakwa majivu?"

"Tunapakwa. Hatugeuzwi."

Kalista alikuwa karibu kucheka na karibu kulia, hakujua ni kipi kitatangulia. Aliuliza polepole kama hata pale karibu na baba yake hapatapatikana nafasi ndogo, ya mtungi tu.

"Pale tunazika watu, mama Lulu. Majivu tunayamwaga kwenye maboga." Hapo sauti ya bibi ikavunjika, na simu ikawekwa chini.

Ndivyo ilivyokuwa. Tiketi ya mwezi wa tano ilikuwa imeshakatwa, mzigo wa nguo za biashara yake unafungwa, na mume yuko juu ya kabati hana pa kwenda. Kalista mwenyewe hakuwa na wasiwasi mkubwa na Mungu. Aliamini kwamba aliyeweza kumtengeneza Kasmir mara ya kwanza, na masikio yale, hawezi kushindwa mara ya pili. Wasiwasi wake ulikuwa kwa mama mkwe. Alitaka Kasmir alale kwao, karibu na baba yake, mama yake akiwa amesimama pale kwa hiari yake na kutupa udongo kwa mkono wake mwenyewe. Angeweza kumzika Songea kwa ndugu zake, wangempokea vizuri. Lakini kumzika mtoto wa mtu huku mama yake amegeuza mgongo, hapana, hilo hakuliweza.

Pasaka mwaka ule ilikuja mapema Aprili. Asubuhi walikwenda misa kwenye kanisa kubwa la mawe, wakaimba aleluya kwa Kichina wasichokijua, na mchana wakakusanyika chumbani kwa Pierre na Bernadette, mtu na mkewe kutoka Bukavu waliokuwa wakinunua vitambaa na kuvipeleka kwao. Pale ndipo Waafrika Wakristo wa mtaa walipofanya ibada yao ya Kiswahili, wamekaa juu ya majora ya vitenge kwa kukosa viti. Bernadette alikuwa amepika sombe, kisamvu cha kwao, na harufu yake iliwashinda wengi kabla ya sala kwisha.

Pierre ndiye aliyeongoza. Alisoma lile somo la mtume Paulo kwa Wakorintho, la punje inayofukiwa ikiwa tupu, na Mungu akaipa mwili anaoupenda yeye. Alipomaliza akauliza kama kuna mwenye neno. Kalista akainua mkono. Hakuwa amepanga kufanya hivyo.

"Na ikiwa imekaangwa?" aliuliza.

Wote walimwelewa, maana wote walikuwepo siku ile ya moto. Pierre akavua miwani, akaipangusa kwa kona ya shati.

"Dada, miye naona hivi," alisema. "Adamu, Mungu alimutengeneza na nini? Na vumbi. Alors, vumbi haikumushinda, majivu ndiyo itamushinda? Non. Wale wenye baliliwa na simba kule zamani, batafufuka na nini? Na tumbo ya simba? Tunapanda punje, lakini haiko punje ndiyo inajua kuota. Mwenye kupanda ndiye anajua."

"Mimi nimekuelewa, kaka Pierre. Nitamwambiaje mama?"

Pierre alifungua mdomo, lakini Bernadette akamtangulia kutoka kwenye jiko la gesi, mwiko mkononi.

"Umuache na Paulo yake," alisema. "Ule mama hana kesi na Mungu. Iko na uchungu ya mutoto. Ukimupigia simu, usimufundishe. Umusikilize."

Wakala sombe. Kalista alirudi kwake ameshiba, moyo umetulia kidogo.

Siku iliyofuata ilikuwa sikukuu ya wenyeji, ile ya kuwakumbuka wafu wao. Mtaa mzima ulinuka moshi wa karatasi. Kalista hakuwa na habari nayo. Alikuwa amekwenda Shahe, kwenye soko la nguo za jumla, tangu asubuhi kuchagua blauzi, bishana na huyu, geuka uondoke, itwa tena, na alipofika nyumbani na furushi lake begani aliona moshi unatoka juu ya paa lao. Akapanda ngazi mbilimbili.

Juu ya paa, Mama Leung, mwenye nyumba, alikuwa amechuchumaa mbele ya chungu cha Kasmir. Ndani ya chungu, moja kwa moja juu ya ule udongo, moto ulikuwa unawaka. Mama Leung alikuwa akitumbukiza vipande vya karatasi kimoja kimoja, noti za bandia za dhahabu, shati la karatasi, viatu vya karatasi, na kila kimoja kiliruka juu kikiwa cheusi.

Kalista alipandwa na hasira ambayo hakujua anayo. Ni kama ile siku ya kuchomwa ilikuwa imerudi, na safari hii angeweza kuizuia.

"Bu yao!" alipiga kelele, neno analowaambia wauzaji wa Shahe anapokataa mali yao. "Bu yao, bu yao! Acha! Moto tena? Hamjatosheka?" Alitupa furushi chini, akasukuma mkono wa bibi wa watu, akaokota kopo la Kasmir lililokuwa limejaa maji ya mvua na kuyamwaga yote kwenye chungu. Moto ukalia chwaa, mvuke ukapanda usoni pake.

Mama Leung hakukasirika. Alisimama taratibu kwa sababu ya magoti, akafuta majivu kwenye aproni. Kisha akainua kitu kimoja kilichokuwa kimebaki mkononi mwake, akamwonyesha. Ilikuwa simu ya mkononi, ya karatasi, yenye vitufe vilivyochorwa vizuri kwa wino na kijiti cha antena. Akanyoosha kidole kuelekea mbinguni.

"Ka-si-mi," alisema.

Kalista aliiangalia ile simu. Kasmir wake, aliyekuwa akilalamika kila siku kwamba wakala mzima wa bandari hana simu ya mkononi, wateja wanamtafuta kwa kumwachia ujumbe kwa muuza sigara. Hata Mama Leung alikuwa amesikia malalamiko hayo. Alikuwa amekwenda sokoni, akamnunulia, na akaja kumtumia kwa moto katika chungu chake mwenyewe ili ifike kwa mwenyewe. Aibu ilimshika Kalista mpaka masikio yakapata moto. Aliomba radhi kwa maneno yote aliyokuwa nayo, na yalikuwa machache, hivyo akaongeza ya Kiswahili. Mwishowe akachukua kiberiti, akamkabidhi.

Udongo ulikuwa umelowa, lakini waliwasha upya juu ya makaratasi makavu, na simu ikaungua vizuri, antena ikitangulia. Mkatoliki wa Njombe anatumiwa simu ya karatasi, alifikiri Kalista, na akajua jinsi Kasmir angelichekea jambo hili mwaka mzima. Baadaye waliketi juu ya vigoda wakala machungwa. Jioni mvua ikaanza, ile nyembamba ya huko inayoweza kunyesha siku nyingi bila kuchoka.

Hakupanda tena juu ya paa kwa muda, kwa kuwa nguo zisingekauka. Mvua ilipopumzika alikwenda na beseni lake kuanika. Alikuwa ameshika shuka kwa meno, anatafuta vibanio, macho yakamwendea pale kwenye chungu.

Shuka ikaanguka.

Katikati ya masizi na vipande vya karatasi vilivyolowa kulikuwa na kichipukizi cha kijani. Si kimoja. Vilikuwa vingi, vimebanana, vingine vimeinama bado vimevaa kofia nyeusi ya ganda la mbegu, vingine vimeshafungua vijani viwili, na katikati ya vijani hivyo kimetokeza kijani kingine chembamba chenye manyoya manyoya. Kalista alipiga magoti kwenye sakafu yenye maji. Alivigusa kwa ncha ya kidole, akihofia vitavunjika. "Zimepata viza," alisema kwa sauti, na ndipo alipolia, huku anacheka, mpaka Mama Leung akapanda kuona kuna nini, akaona, naye akakaa chini akipiga makofi.

Kalista hakujua zimeotaje. Alidhani mbegu za kwao mume wake ni za kivivu tu, zinafika zikijisikia, kama mafundi. Hakuunganisha lolote na lolote. Alichofikiri ni kwamba kuna mtu mmoja duniani anayestahili kusikia habari hii, na kwamba safari hii hatabishana naye. Atamwambia tu kwamba mbegu za shamba lake zimeota mbali, basi. Hakuna mama asiyefurahi kusikia hivyo.

Jumapili akaingia tena kwenye kibanda cha simu.

"Kamwene, mama."

"Kamwene." Sauti ilikuwa imejikunja, inasubiri ugomvi.

"Mama, sikukupigia kwa lile. Nakupa habari nyingine. Unakumbuka Kasmir alibeba mbegu za miwati Krismasi?"

"Alibeba. Nilimwona akiokota kama kuku."

"Zimeota."

"Wee! Huko Uchina?"

"Zimeota, mama, zimebanana kama mchicha. Na mwenyewe alizimwagilia tangu Januari, kila siku, hakuna kitu. Mpaka nikawa namcheka."

"Alizichomaje?"

"Alizi... nini, mama?"

"Mbegu. Alizichoma? Au alizimwagia maji yanayochemka?"

"Hapana, alizifukia tu. Alizilowesha kwanza kwenye maji ya baridi."

Hapo mama mkwe alicheka. Kalista hakuwahi kumsikia akicheka tangu msiba, na kicheko kile kilikuwa kicheko cha Kasmir mtupu, kilekile cha kuanzia tumboni.

"Jamani mwanangu Kasmir! Maji ya baridi! Mwati hauoti hivyo, mama Lulu. Ganda lake ni jiwe. Utamwagilia mpaka uzeeke, inakuangalia tu. Inaweza kukaa ardhini miaka na miaka, haiozi, imelala. Sisi tukishakata miti tunalaza matawi shamba zima, tunawasha moto, unapita pote. Mgeni akija anasema, hawa wameharibu shamba lao, pamebaki majivu. Ngoja sasa mvua inyeshe. Wiki mbili tu, inatoka yote kwa pamoja, huwezi hata kukanyaga. Mwati bila moto? Nani alikwambia? Bila kupita kwenye moto hauwezi..."

Akanyamaza.

Kalista alikuwa na jibu kwenye ncha ya ulimi, limekamilika, tamu. Lakini alikuwa mwanamke wa Shahe. Alijua kwamba mwenye duka akishanyamaza na kuitazama kalkuleta yake, mteja mwenye akili hafungui mdomo. Tena alimkumbuka Bernadette na mwiko wake. Akashikilia simu kwa mikono miwili, akasikiliza kuku wa parokia.

"Nani aliwasha?" aliuliza mama mkwe baada ya muda mrefu.

"Mwenye nyumba. Ni mama mtu mzima kama wewe. Wao huwachomea wafu wao karatasi, na siku hiyo alikuwa anamkumbuka Kasmir. Akachomea kwenye chungu chake, juu ya mbegu. Nilimgombeza sana."

"Ulimgombeza."

"Nilimsukuma, mama. Naona aibu hadi leo."

"Hata mimi ningemsukuma." Bibi akavuta pumzi. "Unalijua lile kovu lake la mguuni?"

"La baiskeli?"

"Baiskeli gani! Alikwambia ni baiskeli?" Alicheka tena kidogo, lakini kicheko hakikufika mbali. "Alikuwa mdogo, hajaanza hata shule. Tulikuwa tunachoma shamba la bondeni, akawakimbilia kaka zake. Upepo ukageuka. Nilimtoa mwenyewe, kwa mikono hii. Tangu siku ile nikamkataza moto. Wenzake wakienda kuchoma, yeye nampeleka kwa mjomba wake akakae huko mpaka moshi uishe. Ndiyo maana hajui mwati unaotaje. Watoto wote wa kijiji hiki wanajua, yeye hajui. Uliponiambia wamemchoma, mama Lulu, sikumwona mtu mzima. Nilimwona yuleyule mdogo, moto unamfuata, na mimi sipo."

"Ulikuwa mbali, mama," alisema Kalista. "Hata mimi, siku ile ya kumchoma, nilikuwa nyuma ya kioo. Lakini alikuwa ameshalala, mama. Alilala Huangpu, kwenye benchi. Moto haukumkuta."

"Haukumkuta?"

"Haukumkuta kabisa."

Mama mkwe alilia, na Kalista alimwacha alie, bila haraka. Nje ya kioo mtu mwingine alikuwa anasubiri simu, akaangalia saa yake, akamwona usoni, akageukia upande wa pili kwa heshima.

"Mama Lulu, upo?"

"Nipo, mama."

"Hizo za kwenye chungu zipunguze. Usizionee huruma, zitanyongana. Acha moja, iliyonyooka."

"Nitaacha moja."

"Na huyo mama mwenye nyumba, mpelekee kitu. Sabuni, au chochote wanachopenda. Mwambie kimetoka kwa mama yake Kasmir."

"Nitamwambia."

Kalista hakukata simu. Alimsikia bibi anajipangusa, anavuta kanga, anamwambia mtu wa parokia asubiri kidogo, bado hajamaliza.

"Halafu umlete," alisema. "Mvua isikatike kabla hamjafika. Nitawaambia vijana wachimbe pale kwa baba yake, upande wa shamba. Tulipachoma mwaka jana. Pameota vizuri."